Saa za mfukoni za wazee wetu zisiyeyushwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombe wenzangu wa Mtwara na Lindi wasiuze kwa gramu saa za mfukoni za fedha walizoachiwa na wazee.

Mwezi uliopita, hapa Mikindani, nilimkuta sonara mmoja amekwisha kulibandua kasha la saa ya namna hiyo na kuliweka kwenye mizani, huku mtambo wake, ambao magurudumu yake hayakuwa na hata chembe ya kutu, ameutupa ndani ya kopo la misumari. Niliuomba, akanipa bure. Nilipoufuta yakajitokeza maandishi yaliyochorwa kwa ustadi, "Waltham, Mass.", na nambari ndefu pembeni.

Ndani ya kasha palikuwa na mihuri ya simba na nanga, na kwa sababu hiyo mwenyewe aliamini kuwa ni saa ya Kiingereza. Ni kweli kwamba simba ni alama ya fedha halisi na nanga ni ya mji wa Birmingham, lakini mtambo ni wa Marekani. Kiwanda cha Waltham, jimboni Massachusetts, kilipeleka Uingereza mitambo mitupu, na mingi ilivikwa makasha ya kampuni ya Aaron Dennison huko Birmingham, yule yule aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kiwanda chenyewe mwaka 1850. Sisi ambao mpaka leo tunaita kitambaa "merikani" kwa sababu ya kule kilikotoka, hatuna sababu ya kuisahau asili ya saa hizi.

Kwa sisi tunaozikusanya, uhondo wote upo katika kulinganisha nambari ya mtambo, inayoonyesha takriban mwaka uliotengenezwa, na herufi ndogo iliyogongwa karibu na nanga, inayoonyesha mwaka ambao kasha lilipimwa na kupigwa muhuri. Kasha likishayeyushwa, ushahidi huo haurudi tena, hata mtambo ukipona.

Ninawasihi masonara wanunue saa ikiwa nzima na kuiuza ikiwa nzima, kwani mkusanyaji yuko tayari kulipa zaidi ya bei ya fedha. Mwenye saa naye afungue kifuniko cha nyuma kwa ukucha, si kwa kisu, anakili nambari, na asiitie ufunguo saa iliyolala miaka mingi kabla fundi hajaisafisha, kwa maana mafuta yaliyoganda husaga ekseli za magurudumu.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara