Kabla ya mashine, tupeni baridi na umeme wa uhakika

Mhariri,

Kila yanapotajwa maendeleo ya utafiti huku Kaskazini, watu huulizia mashine. Hata mimi naitaka spektromita ya masi, mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake, tena sana. Ila kazi yangu ni kuandaa seli zipimwe koenzaimu, yaani molekuli ndogo zinazosaidia vimeng'enya kufanya kazi, na najua majibu mengi huharibika kabla sampuli haijaifikia mashine.

Chukua koenzaimu moja, NAD. Ndani ya seli imo kwa sura mbili, NAD+ na NADH, na uwiano wake ndio hueleza seli inatumiaje nishati. Uzito wa molekuli ya NAD+ ni kama 663, wa NADH 665; mashine nzuri huzitenganisha bila taabu. Taabu iko mezani kwangu. Vimeng'enya havisubiri: ndani ya sekunde chache hugeuza hii kuwa ile. Metanoli baridi peke yake haivizimi upesi, kwa hiyo tunaongeza asidi fomiki kidogo, kisha tunaiondolea ukali asidi hiyo haraka kwa bikaboneti ya amonia, kwa kuwa NADH haivumilii asidi, wala NAD+ haivumilii besi. Hapohapo inatiwa koenzaimu ya kulinganishia iliyotengenezwa kwa kaboni 13, aina nzito ya kaboni ambayo mashine huitofautisha, ili hasara itakayoipata sampuli iipate nayo. Ukichelewa, mashine itakupa namba nzuri ya kitu ambacho hakikuwamo kwenye seli.

Baada ya hapo sampuli hukaa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usiku na jenereta isiwake, kazi ya miezi ya kijana wa shahada ya uzamili imekwisha. Nimewaona wakilia, na inaniuma.

Wapo wanaosema vipimo hivi ni anasa. Wasogee hapo Siha, hospitali ya Kibong'oto. Isoniazidi wanayomeza wagonjwa wa kifua kikuu, ikishaamshwa ndani ya bakteria, hujishika na NAD, na muungano huo ndio hukizuia kimeng'enya kinachojenga ukuta wa bakteria. Na kidonge cha vitamini B6 wanachopewa pamoja nayo ni kwa sababu dawa hiyohiyo hupunguza koenzaimu nyingine, itokanayo na vitamini hiyo, mwilini mwa mgonjwa. Haya ni magonjwa yetu na dawa zetu.

Nawaomba wapanga bajeti waanze na majokofu mawili, jenereta inayojiwasha, naitrojeni ya kimiminika isiyokatika, na mshahara wa fundi wa kuvitunza. Spektromita ifuate.

Mteknolojia wa maabara,
Moshi