Mwinyi, usiichomeke kwanza

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Ndugu yangu Mwinyi,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, mama anakusalimu sana, na Zuhura kajifungua salama, mtoto wa kike. Mengine ya nyumbani baadaye, leo nina jambo moja tu kifuani.

Picha za ile pawa saplai uliyoiunda mwenyewe kwa ajili ya amplifaya ya madrasa nimeziona jana baada ya isha. Nimezikuza, nikazirudia, mpaka usingizi ukanipaa. Nakuomba kabla hujasoma mbele: usiichomeke pale madrasa. Na kama umeshaichomeka, nenda kaichomoe, barua itakusubiri.

Haki yako nikupe. Kazi ni safi. Risasi inang'aa, bodi imepangika, na kuchagua UC3842 umefanya la maana, kwani ni aisi ya kuendesha swichi, ya miguu minane tu na inapatikana kwenye mabodi mabovu. Tangu tulipokuwa tukifungua redio kwa Mzee Shebe nilijua mkono wako umetulia. Kinachonitisha ni transfoma.

Umesuka upande wa umeme mkubwa, ukapitisha tepu raundi moja, kisha juu yake ukasuka upande wa volti 12 kwa waya uleule wa vanishi, tena mpaka ukingoni kabisa mwa bobini, kile kigurudumu cha kusukia waya. Sasa fuata njia pamoja nami. Volti 230 za ukutani zikipita kwenye daiodi na kujaa kwenye kapasita kubwa zinakuwa 325. Hizo ziko kwenye waya wa chini. Waya wa juu unakwenda kwenye amplifaya, amplifaya inakwenda kwenye maiki, na maiki ya chuma anaishika mtoto wa kasida aliyetoka kutia udhu, miguu mitupu, mikono imelowa, kasimama kwenye sakafu ya saruji. Kati ya 325 na mtoto huyo umeweka tepu moja. Vanishi usiihesabu, ile kazi yake ni kutenga raundi na raundi mwenzake. Na pale ukingoni waya wa juu huteleza taratibu, ukashuka pembeni ya tepu, ukamfikia wa chini bila jicho kuona.

Haya yamenikuta. Ile niliyomtengenezea mjomba kwa ajili ya redio ya barazani ilifanya kazi miezi minne bila kukohoa. Siku moja akaniambia antena inamtekenya vidole. Nilipoifungua nilikuta ukungu wa chumvi umetanda juu ya bodi, na chini ya optokapla, ile aisi inayovusha ishara kwa mwanga kati ya pande mbili, kuna mstari mweusi, mwembamba kama unywele, umeanza kuvuka kutoka upande wa moto kuja upande wa mtu. Hewa ya bahari hii tunayoisifu, Mwinyi, inatembeza umeme mahali ambapo bara usingetembea. Na Bagamoyo kwenu ni haya haya. Mjomba alikuwa amevaa kandambili. Kila nikifikiria kama angekuwa hakuvaa, basi.

Kwa hiyo fungua transfoma yote. Usiipige nyundo, feraiti, kile kiini cheusi cha transfoma, huvunjika kama kigae. Itie kwenye maji yanayochemka dakika chache, gundi italegea, halafu itenganishe polepole ikiwa bado ya moto. Umeniandikia raundi 45 na kwamba hukuacha mwanya kati ya vipande viwili vya feraiti. Hapo napo pana kasoro. Transfoma ya aina hii inaweka nguvu kwanza, halafu ndiyo inaitoa upande wa pili, na inaiweka kwenye ule mwanya. Bila mwanya sumaku inajaa mapema, mkondo unaruka ghafla, mosifeti, yaani ile swichi, inakwenda. Nimepiga hesabu kwa feraiti hiyo yako ya ETD29, mapigo 65,000 kwa sekunde, volti 12 na ampea 3, nikichukulia kwamba umeme ukishuka jioni unaweza kukupa volti 230 tu baada ya daiodi badala ya 325: upande mkubwa raundi 70, upande mdogo 9, na mwanya wa milimita 0.57 kwenye mguu wa kati. Kama utatenga kwa vipande vya karatasi ngumu kwenye miguu yote, weka nusu yake, kwa sababu sumaku inavuka mwanya mara mbili.

Raundi utazipata, sina wasiwasi. Nirudi kwenye tepu. Acha milimita 3 tupu kila ukingo, pande zote mbili za waya. Kati ya upande mkubwa na mdogo zungusha tepu ya njano ya transfoma raundi tatu kamili, ya plastiki ya umeme hapana, inalainika ikipata joto. Ukipata ule waya wenye ganda la tabaka tatu, upande mdogo usuke kwa huo. Chini ya optokapla kata ufa kwenye bodi, na njia za pande mbili zikae mbali angalau milimita 8. Kile kikapasita cha bluu ulichokivusha kati ya pande mbili kitoe leo. Hapo panakaa kapasita iliyoandikwa Y1 peke yake. Ya kawaida ikifa kwa shoti, inakuwa kipande cha waya, na tumerudi kwa mtoto na maiki.

Na mosifeti yako, IRF840, ibadilishe. Inavumilia volti 500. Swichi inapokatika, juu ya 325 zinapanda kama 100 zinazorudi kutoka upande mdogo, na juu yake tena ule mruko wa ghafla. Usiku wa manane umeme wa ukutani ukipanda hadi 250 ndiyo kabisa. Tafuta ya 800. Yangu ya kwanza ilipasuka, kipande kikapita karibu na jicho.

Ukijaribu, tanguliza balbu ya nyuzi ya wati 60 kwenye laivu, waya wa moto. Ikimulika mara moja na kufifia, endelea. Ikiwaka moja kwa moja, zima. Na usiguse bodi mpaka mita isome karibu na sifuri kwenye kapasita kubwa. Funga rezista ya kilo-om 100 ya wati 2 juu yake, itaimaliza ndani ya dakika moja.

Najua Maulidi yamekaribia na umeshamwahidi maalimu. Amplifaya yenyewe si ni ya volti 12? Basi azima betri ya gari la Athumani kwa usiku huo, watoto wasome kwa raha. Halafu hiyo transfoma nitumie, mpe dereva wa gari la asubuhi linalopitia Msata, mimi nitaipokea stendi na kuisuka mwenyewe. Wiki moja tu. Tepu ya njano ninayo ya kutosha, waya wa tabaka tatu nitautafuta Dar kwa yule mpwa wa Bi Rukia.

Niambie: umeshaiwasha au bado? Nani mwingine ana ufunguo wa chumba hicho, asije akaichomeka yeye? Boksi ulilolitia ni la bati au la mbao, na kama ni la bati, je, ethi (waya wa ardhini) ya madrasa inafanya kazi au ni tundu tupu ukutani? Kikapasita cha bluu ulikitoa wapi? Na mguu wa mama mkwe umepona?

Nipigie hata usiku. Simu naiweka kwenye mto wa kulalia.

Wako,
Bakari