Madaktari, tuulizeni na sisi tunaolala na wagonjwa wenu

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, hili jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana.

Baba watoto anaendesha lori, Dar mpaka Tunduma na kurudi. Presha anayo miaka mingi, dawa zikaongezwa mpaka zikafika aina tatu na bado haishuki. Kapimwa moyo, figo, damu, majibu yanarudi mazuri tu. Kila daktari anamuuliza chumvi na pombe, hakuna aliyemuuliza analalaje, wala aliyenigeukia mimi niliyekaa pembeni nimeshika mafaili, na mimi ndo nilikuwa na jibu. Anakoroma jirani anasikia, halafu ghafla kimya, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, nahesabu kimoyomoyo nafika ishirini, siku nyingine arobaini, ndo anashtuka kama mtu aliyeopolewa majini, anageuka, anaanza upya. Asubuhi kichwa kinamuuma na anasinzia na kikombe cha chai mkononi. Huyo ni dereva, mhariri.

Siku moja nikamrekodi kwa simu, daktari wa zamu akatazama video mara mbili akatuandikia kipimo cha kulala hospitali. Wanaita polisomnografia.

Tulifika saa mbili usiku. Dada wa kipimo akambandika waya kwa gundi kichwani, pembeni mwa macho, kidevuni, kifuani na miguuni, mikanda miwili kifuani na tumboni, kamrija puani, na kile kidude cha kidole kinachosoma oksijeni. Baba watoto akaniambia mama watoto, hapa nitalala kweli? Alilala, tena kwa vipande vipande, na dada akasema inatosha. Yeye anakaa chumba cha pili anaangalia kwa kamera, ukitaka kwenda chooni unaita tu anakuja kuchomoa.

Waya za kichwani zinaonyesha kama kweli umelala au umefumba macho tu. Hewa ikikatika puani huku mikanda inaonyesha kifua na tumbo bado vinavuta, basi koo ndo limejifunga. Ikiwa na mikanda imetulia, hapo ubongo haujatuma amri ya kuvuta pumzi, ni ugonjwa mwingine na matibabu yake mengine, sasa mchana ungeyaonaje hayo, mtu kakaa kwenye kiti yuko macho anapumua vizuri?

Kila pumzi inapokatika sekunde 10 au zaidi inahesabiwa, na zile zinazopungua sana mpaka oksijeni ikashuka au ubongo ukashtuka nazo zimo, halafu wanagawanya kwa saa ulizolala. Mtu mzima akiwa chini ya 5 kwa saa ni kawaida, kuanzia 30 ni kali. Yeye alikuwa na 52! Yani karibu kila dakika anakabwa. Hata hawakusubiri asubuhi, saa saba usiku dada akaingia na barakoa ya mashine inayosukuma hewa kufungua koo, akaipandisha taratibu mpaka mkoromo ukakata. Ule ukimya mimi uliniogopesha, nikamsogelea kuangalia kama anapumua.

Kuna na kipimo kidogo cha kubeba nyumbani, ni rahisi zaidi, kina waya chache. Ila vingi havisomi ubongo, vinagawanya kwa muda wote kilipowashwa hata kama ulikuwa macho, kwa hiyo namba inaweza kutoka ndogo kuliko hali yenyewe. Ukiambiwa huna kitu na mwenzio bado anakata pumzi, usikubali yaishe hapo, ombeni kile kikubwa.

Mashine bima ilikataa kulipia, tuliuza pikipiki. Dawa za presha bado anakunywa zote tatu lakini imeanza kusogea chini, na kusinzia mezani kumeisha kabisa.

Ninachoomba ni hiki. Dereva akienda kupimwa afya anasomeshwa herufi ukutani, aulizwe na usingizi, na kama ana mwenza basi aje naye aulizwe, au apigiwe simu. Ni maswali ya dakika mbili: anakoroma? anakata pumzi? anasinzia mchana?

Mke wa dereva,
Mbagala, Dar es Salaam