Mama hayuko "nyumbani tu"

Mhariri,

Wiki jana nilikuwa kwa mamangu huko Kisauni, kijana mmoja akabisha hodi na tableti mkononi. Anafanya uchunguzi wa kaya, akasema. Adabu zake nzuri, akaamkia shikamoo, akakaribishwa mkekani. Alipofika kwenye swali la kazi, mama akamjibu, "Mimi mwanangu sina kazi, niko nyumbani tu." Kijana akabonyeza, akapita swali la pili. Na mama alikuwa akiyasema hayo ungo uko mapajani, anachagua mchele, na nyuma yake kunde zinatokota jikoni.

Nilinyamaza, na hadi leo inaniuma kwamba nilinyamaza, kwani sosholojia, elimu ya jamii, ndiyo niliyoisomea.

Katika masomo hayo ndimo nilimomjua Ann Oakley, mwanasosholojia wa Uingereza. Mwaka 1974 alitoa kitabu kuhusu kazi za nyumbani, wakati ambapo wakubwa wa fani yake hawakuona hapo kuna la kuchunguza. Aliketi na mama wa nyumbani 40 wa London, akawauliza kama unavyomuuliza kuli wa bandarini: waanza saa ngapi, wamaliza saa ngapi, lipi lakuchosha zaidi? Wastani wao ulikuwa saa 77 kwa wiki. Kuna aliyefika 105.

Mimi lakini nampendea namna yake ya kuuliza. Vitabu vya utafiti vya wakati ule vilimtaka mtafiti aulize tu, akiulizwa akwepe. Mwaka 1981 Oakley aliandika kwamba hilo hakuliweza. Wanawake waja wazito na waliojifungua walimuuliza mambo ya uzazi na ya watoto, naye akawajibu alichokijua, kwa sababu hakuona haki kuchukua siri za mtu ukamwacha mikono mitupu.

Asidhani mtu haya ni ya Wazungu. Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa na KNBS, shirika la takwimu la taifa, mwaka 2021 ulionyesha kuwa mwanamke wa Kenya hutumia muda takriban mara 5 ya mwanamume katika kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 nayo inazitaja kazi hizo kuwa ni mchango katika mali ya mume na mke. Ila Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema ndoa ikivunjika, kugawana mali nusu kwa nusu hakuji kwenyewe, kila mmoja athibitishe alichochangia. Sisi Waislamu sheria hiyo inaturuhusu kufuata sharia yetu, nami sina neno na hilo. Lakini majirani zangu wengi kesi zao ziko chini ya sheria hiyo. Mwanamke aliyejisemea miaka 30 kwamba hana kazi, ataanzia wapi kuthibitisha?

Kwa hivyo nawaomba wanaotuma makarani mitaani kwetu, wawe wa kaunti, wa vyuo au wa mashirika: swali la "unafanya kazi gani?" lisiachwe peke yake. Muulizeni mama, jana tangu ulipoamka ulifanya nini? Kisha mwe na subira ya kusikiliza.

Mimi nilimuuliza mamangu jioni ile ile, daftari mkononi. Saa kumi na nusu alfajiri amewasha jiko. Amemgeuza bibi, ambaye tangu apooze upande mmoja hajigeuzi, akamwosha na kumnywesha uji. Mfereji mkavu, akangoja mkokoteni, akanunua madumu manne, na ya kisima yenye chumvi akayatenga ya kufulia. Amemvisha mjukuu, amempeleka madrasa, amerudi na nazi ya kukuna. Ukurasa ulijaa hata adhuhuri hatujaifikia. Tukaacha hapo, bibi alikuwa akiita.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa