Kiti bila kupima ni hatari

Bwana muhariri, hapa Goma mutu akipigwa risasi ku uti wa mgongo anapewa kiti ya magurudumu basi imeisha, hakuna mwenye anapima vile anaikala, na yeye hasikie kitu chini, mifupa ya matako inakandamiza ngozi, damu haipite, kidonda inaanza ndani mbele ionekane inje. Na hizi barabara zetu za mawe ya volkano! Kuko mukeka wa kompyuta wa kutandika ku kiti, unaonyesha rangi nyekundu penye uzito umezidi. Lakini hata bila ule, muganga wa kine (wa mazoezi ya mwili) anaweza ingiza mukono chini ya mufupa wa tako akasikia kama muto ya kuikalia ya kiti imekufa, haibebe tena uzito. Hospitali zipime mutu mbele ya kumurudisha nyumbani, na bamufundishe kuinama mbele kila dakika 15 mpaka 30 ili uzito utoke ku matako, tunaomba sana.

Musomaji wenu, Katindo, Goma