Barua kutoka Happisburgh

Happisburgh, Norfolk,
Uingereza.
Mwezi wa Mei

Mpendwa Mama Salma,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Baba Salma na watoto wote. Sisi huku tu wazima, na baridi imeanza kutuachia. Barua yako niliipata, nikalisoma kwa makini swali lako: je, Wazungu kwa fedha na mitambo yao wameweza kuizuia bahari, ili nanyi mjenge ukuta mbele ya kile kiwanja cha ufukweni hapo Pangani kabla ya kuchimba msingi wa nyumba? Nitakueleza ninayoyaona hapa, kisha wewe na shemeji mtaamua.

Kijiji chetu kimekaa juu ya gema la mchanga na udongo wa mfinyanzi. Mvua hulilowesha kutoka juu, mawimbi hulila kutoka chini, nalo huporomoka mapande kwa mapande. Mwaka 1958 na 1959 vilijengwa vizuizi vya mbao ufukweni, vikasaidia kwa miaka mingi, lakini tufani za miaka ya 1990 zilipovivunja havikujengwa upya kama awali, kwa kuwa hesabu za wakubwa zilionyesha kwamba gharama ya ulinzi ingezidi thamani ya nyumba ambazo zingeokolewa. Barabara iitwayo Beach Road ilikuwa na nyumba pande zote mbili. Leo ukiifuata hadi mwisho, lami inakatika ghafla na mbele yako ni bahari tupu. Mwaka 2012 nyumba 9 zilizokuwa zimebaki ukingoni zilibomolewa, baada ya halmashauri kuzinunua kwa fungu maalumu la serikali. Fungu hilo lilikuwa la majaribio tu. Kwa kawaida sheria ya Uingereza haimpi fidia mtu ambaye nyumba yake imeliwa na bahari, jambo ambalo mimi sikulisadiki nilipoambiwa mara ya kwanza.

Nenda sasa mwendo mfupi tu kwa gari, hadi Bacton, kwenye mitambo mikubwa ya kupokea gesi inayotoka baharini. Huko, mwaka 2019, meli zilimwaga ufukweni mchanga wa mita za ujazo milioni 1.8 ili kuilinda mitambo hiyo, na vijiji vilivyo jirani nayo vikapata kivuli chake. Wataalamu wanasema pia kwamba udongo unaomomonyoka kwetu husafirishwa na mkondo na kulisha fukwe za mbele, hivyo kuuzuia hapa ni kuwanyima wengine mchanga. Maneno hayo ni ya kweli, ila ni mepesi kwa asemaye akiwa nyumba yake iko mbali na ukingo.

Pamoja na hayo, usidhani tunaishi kimatanga. Majira haya ya kuchipua ndiyo yanayowatoa watu majumbani: kaa wa Cromer, mji wa pwani ulio jirani, wameanza kuuzwa, wazee wanauziana miche ya maua na nyanya, na wanakijiji wanajitolea kuwapandisha wageni juu ya mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe. Mnara huo umesimama tangu mwaka 1790. Wenye mamlaka walipotaka kuuzima, wanakijiji waliupigania, na tangu 1990 wanauendesha wenyewe kwa michango. Mimi nimepangiwa meza ya chai na keki. Tukimaliza habari ya keki, tunaingia kwenye habari ya uzio wa ukingo wa gema: usogezwe nyuma hatua ngapi mwaka huu, magari yaegeshwe wapi, na njia ya kushukia ufukweni ipite upande gani sasa.

Jana maji yalipokupwa nilishuka kuwatazama mbayuwayu wadogo wa rangi ya kahawia, ambao huvuka Sahara kila mwaka kuja kuzaa huku. Huchimba matundu kwenye uso wa gema, na hupenda hasa pale palipoporomoka karibuni, kwa sababu udongo wake bado ni laini na umesimama wima. Wanaingia na kutoka kwa kasi, na kila mmoja akiingia, mchanga kidogo humwagika kutoka tunduni. Ni katika ufuko huohuo, mwezi Mei 2013, mawimbi yalipofunua nyayo za watu wa kale, zenye umri wa zaidi ya miaka 800,000. Wataalamu waliwahi kuzipiga picha na kuzipima, kisha bahari ikazifuta kabla hata mwezi haujaisha.

Sasa kuhusu kiwanja chenu. Ukuta wa serikali uliojengwa hapo Pangani unalinda mji, na ninyi kujenga kipande chenu peke yenu ni kuyaelekeza mawimbi kwa jirani na kuyaachia yawazunguke pembeni. Waulizeni wazee habari za kisiwa cha Maziwe, kilichokuwa na mivinje na kasa wakitaga, ambacho leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Ushauri wangu ni kwamba msijenge hapo mbele. Pandeni minazi, na nyumba irudi nyuma kabisa, hata kama mtaipoteza ile baraza ya kutazama bahari ambayo shemeji ameililia miaka yote. Kabla ya kumwita fundi, subirini bamvua la kusi, maji yanapojaa kupita kawaida, mpige kigingi pale maji yanapokoma, mpime kwa kamba hadi kwenye mpaka wa juu wa kiwanja, kisha uniandikie umbali wenyewe.

Nisalimie mama, umwambie kanga alizonitumia zimefika salama.

Rafiki yako,
Mama Idi