Salamu za Idi ya Kuchinja: Dua ya Bibi na Makaburi ya Naliendele

Assalaamu alaykum ndugu, jamaa na majirani. Idi Mubarak kwenu mlioko Mtwara, Mikindani, Lindi na Kilwa, na nyinyi mliotupwa na riziki huko Dar es Salaam. Kusi limeshaanza kuvuma, mikorosho inapuliziwa salfa, na mbuzi, kama kawaida ya mwezi huu, wamejipandishia bei bila haya.

Tangu alfajiri ya Arafa misikiti inavuta takbira. Watoto wanaijua kama wimbo, na sisi wakubwa, tuseme kweli, hatuwazidi sana. Mwaka huu nimekwama kwenye maneno yale ya katikati: ametimiza ahadi yake, akamnusuru mja wake, akalipa nguvu jeshi lake, akayashinda makundi peke yake. Haya ni maneno ya vita! Makundi hayo ni Ahzabu, walioizingira Madina mwaka wa 5 Hijria, Waislamu walipochimba handaki kwa shauri la Salman al-Farisi. Kulikuwa na baridi, na njaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alibeba udongo pamoja na wenzake, na akaomba. Usiku mmoja ukaja upepo, mahema yakang'oka, vyungu vikapinduka, maadui wakashika njia. Kwenye mteremko wa mlima wa Sal'a, mahali panaposemwa aliombea, pamejengwa msikiti, Masjid al-Fath. Mahujaji wengi hupelekwa kuuzuru. Mnara wa vita usio na mzinga wala sanamu ya askari. Unachokumbusha ni dua.

Lakini handaki lilichimbwa kwanza. Nalisema hili kwa sababu kusini kwetu tuna kidonda chake. Mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilipoanza huko Nandete, Kilwa, watu waling'oa pamba ya Mjerumani, na maji ya mganga Kinjeketile Ngwale yakapita kwa Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, mpaka Wangoni, kwa ahadi kwamba risasi zitageuka maji. Hazikugeuka. Siwacheki wazee wale, maana maji hayo yaliwaweka upande mmoja watu ambao hawakuwahi kusimama pamoja. Njaa iliyofuata ndiyo iliyoua wengi kuliko bunduki.

Sasa nije nyumbani. Ukitaja Naliendele, hapa kwetu Mtwara, wengi wanawaza utafiti wa korosho na miche. Pale pale kuna makaburi ya wanajeshi wetu waliofia Msumbiji. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, halafu masheikh na maaskofu hupokezana dua. Mimi nilikuwa napita barabarani tu.

Bibi yetu mzaa baba alikuwa na mwana jeshini, ami yetu huyu mnayemjua. Miaka ya 1980, vita vya waasi wa Renamo vilipopamba moto Msumbiji, akavuka mto Ruvuma na wenzake. Bibi hakujua yuko wapi, barua hazikuja. Kila baada ya magharibi alisoma Yasini, mkeka ule ule, pembe ile ile ya ua, na Ijumaa akimwita mwalimu wa madrasa kusoma Halbadiri, majina ya watu wa Badri yatajwe mmoja mmoja. Wajukuu tulikuwa tunasubiri bisi na kahawa, hatukuwa na habari ya vita.

Ami alirudi. Mwenzake wa karibu, kijana wa upande wa Ndanda, hakurudi. Barazani watu wakawa wanamwambia bibi, "Dua ya mama haina kizuizi, umemrudisha mwanao." Bibi akawa ananyamaza. Siku moja akachoka, akauliza, "Na huyo mama wa Ndanda na rozari yake, yeye hakuomba?"

Hakuna aliyemjibu. Yasini hakuiacha, ila tangu siku hiyo akawa anaisomea watoto wawili, na huyo wa pili alimtaja kwa jina la mama yake kwa kuwa lake hakulijua. Nikilisikia jina la Ibrahimu na kisa cha mwanawe msimu huu, namkumbuka bibi. Ibrahimu alirudishiwa mtoto akapewa kondoo. Kuna wazazi wasiorudishiwa, na bado walitandika mkeka jioni iliyofuata.

Basi, Idi pili, saa tatu asubuhi, tunatoka Chikongola kwenda Naliendele. Tukiruhusiwa kuingia tutaingia. Tukikataliwa tutasoma Fatiha nje ya uzio. Ami anakuja. Miaka yote hii hajawahi kukanyaga pale, safari hii kasema mwenyewe atapanda gari la mbele. Mama wa Ndanda alishatangulia mbele za haki, lakini bintiye amepiga simu: anashuka na basi la asubuhi, na anakuja na mishumaa. Mtakaochelewa, pilau iko nyumbani.